Kinachoiua Laptopu ya Gemu

Swali la kwanza kwa muuzaji wa laptopu za gemu, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, ni bei. La pili ni itadumu miaka mingapi. Jibu halichelewi: mitatu, mitano, wengine watakuapia kumi. Hakuna anayedanganya hapo, ila wote wanahesabu kitu ambacho mashine yenyewe haikijali sana. Laptopu ya gemu haizeeki kwa kalenda. Inazeeka kwa joto, kwa idadi ya mara ilizopanda joto na kupoa, kwa vumbi ililomeza na kwa umeme uliopita ndani yake. Iliyochezewa juu ya godoro Dar es Salaam kwa miaka miwili inaweza kuwa kongwe kuliko iliyokaa mezani Arusha kwa miaka sita.

Jambo kubwa la sura hii nalisema mapema: laptopu nyingi za gemu hutupwa zingali nzima. Kinachokufa kwanza ni feni, betri, chaja, bawaba, au ile pesti inayotoa joto kwenye chipu na kulifikisha kwenye shaba. Vyote hivyo ni vitu vya bei ndogo ukivilinganisha na mashine nzima. Chipu zenyewe, yaani prosesa na ile ya picha, ambazo ndizo zilizoifanya mashine iwe ghali, kwa kawaida huwa za mwisho kuondoka. Lakini mwenye mashine haoni chipu. Anaona inakwamakwama, inazima katikati ya mechi, haishiki chaji, basi anaamua imekufa na anaanza kutafuta fedha ya nyingine. Fedha yenyewe si ndogo. Kwa watu wengi wa kwetu ni kipato cha miezi kadhaa, na mara nyingi mashine hiyo si ya kuchezea tu. Mhariri wa video za harusi, mchora ramani za nyumba na mtayarishaji wa muziki wote hununua laptopu za gemu, kwa sababu ndizo zenye nguvu ya kufanya kazi zao kwa bei inayofikika. Mashine ikitupwa kabla ya wakati wake, kuna kazi ya mtu imesimama.

Makadirio yangu ni haya. Kwa kucheza gemu mpya kila zinapotoka, bila kupunguza ubora wa picha, hesabu miaka 3 hadi 4. Kwa kucheza gemu hizohizo ukiwa umekubali kushusha ubora, hesabu 5 au 6. Kwa mashine yenyewe kuwaka na kufanya kazi ya maana, miaka 7 au 8 ni umri wa kawaida kabisa ikiwa imetunzwa. Isiyotunzwa inaweza isimalize wa pili.

Joto na lehemu

Tuanze na wati. Prosesa ya laptopu ya ofisini imeundwa kutumia kama wati 15. Kwenye laptopu ya gemu prosesa hutumia 45 na kupita, na chipu ya picha, kama vile RTX 3060 ya laptopu, huongeza nyingine 60 hadi 115. Ndiyo maana chaja zake ni matofali ya wati 180, 230, hata 330. Karibu umeme wote unaoingia unageuka joto, na joto hilo linatakiwa litoke kwenye kasha lenye unene wa sentimita mbili na ushee, kupitia feni mbili na mapezi ya shaba yaliyobanana.

Watengenezaji wanalijua hilo na wameweka mipaka. Prosesa nyingi za Intel za laptopu hujipunguzia kasi zenyewe zikikaribia nyuzi joto 100, za AMD nyingi zikifika 95, na chipu za picha za Nvidia zikiwa kwenye 87 hivi. Kwa hiyo ukiona nyuzi 85 katikati ya gemu, usiingiwe na hofu. Chipu imeundwa kuishi hapo. Wasiwasi wangu ni kwa majirani zake. Mwaka 1889 mkemia wa Sweden, Svante Arrhenius, aliandika mlinganyo unaoonyesha jinsi mmenyuko wa kikemia unavyoongeza kasi joto linapopanda. Wahandisi wa elektroniki wakaufupisha kuwa kanuni ya kukadiria: kila nyuzi 10 zinazoongezeka, uzee unakuja kama mara mbili kwa kasi. Kanuni hiyo haikishiki kila kifaa sawasawa, lakini kwa betri, kwa kapasita za ndani ya chaja, kwa grisi ya feni, inasema kweli ya kutosha kumfanya mtu anyanyue laptopu yake kitandani.

Kuna na uzee wa aina nyingine, usiotokana na joto kuwa kubwa bali na joto kupanda na kushuka. Chipu ni silikoni. Imeshikwa kwenye ubao kwa matone madogo ya lehemu, mamia hadi maelfu. Silikoni ikipata joto hutanuka kidogo sana, kama sehemu 3 katika milioni kwa kila nyuzi moja, ilhali ubao ulio chini yake hutanuka kama mara tano ya hapo. Lehemu iko katikati, inavutwa kila mashine inapowaka na kurudishwa kila inapopoa, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa mpaka ukatike. Katika miaka ya 1950 Wamarekani wawili, L. F. Coffin na S. S. Manson, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba idadi ya mikunjo ambayo chuma kinaweza kuvumilia hupungua kwa kasi kubwa kadiri kila mkunjo unavyokuwa mkubwa. Punguza tofauti kati ya joto la kupumzika na joto la kazini, na lehemu itavumilia mara nyingi zaidi, kuliko hata ulivyotarajia.

Hilo si la vitabuni tu. Tarehe 2 Julai 2008 Nvidia ilitangaza kwamba inatenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya laptopu ambazo chipu zake za picha zilikuwa zinakufa. Maelezo yake yalitaja vitu vitatu pamoja: udhaifu wa malighafi zilizounganisha chipu na kifungashio chake, namna laptopu zilivyoundwa kutoa joto, na namna wateja walivyokuwa wakizitumia. Dell ikawapa wateja wake programu iliyobadilisha mwendo wa feni, ili joto la chipu lisipande na kushuka ovyo. Miezi mitatu baadaye Apple ilikiri kwamba MacBook Pro zilizotengenezwa kati ya Mei 2007 na Septemba 2008 zikiwa na chipu ya GeForce 8600M GT zingeweza kuathirika, ikazirekebisha bila malipo. Chipu za leo zimeboreshwa sana kuliko zile, lakini fizikia yake haijabadilika. Silikoni bado ni silikoni, na ubao bado unatanuka kuizidi.

Hapa lazima nizungumzie bloa. Laptopu ikianza kuonyesha mistari kwenye kioo au kuwaka bila picha, wapo mafundi watakaokuambia chipu imeachia, ipashwe moto itashika. Fundi anaelekeza hewa ya moto kwenye chipu, mashine inawaka, mteja analipa na kuondoka na furaha. Baada ya wiki chache, au miezi ikiwa na bahati, tatizo linarudi. Moto ule haukuponya ufa wowote, uliufunga kwa muda tu, na kila upashaji unaongeza majeraha kwenye ubao na kwenye kapasita zilizo jirani. Kama chipu imekufa kweli, kazi inayostahili ni kuitoa na kuweka nyingine kwa mashine maalumu, nayo ni kazi ya mafundi wachache na mara nyingi haina faida kwa mashine iliyozeeka. Fundi mwaminifu atakuambia hivyo kabla hajashika bloa. Akikuambia, mshukuru, na umlipe muda wake wa kupima.

Sasa, mchezaji afanye nini? Dawa kubwa kuliko zote haigharimu hata shilingi: weka kikomo cha fremu. Kioo cha laptopu ya gemu siku hizi kina uwezo wa fremu 144 au 165 kwa sekunde, na mashine ikiachiwa itakimbiza fremu zote inazoweza, hata ukiwa kwenye menyu ukiwasubiri wenzako. Ukiweka kikomo cha 60, au 90 kwa gemu za ushindani, wati zinashuka, feni zinatulia, na joto la kilele linapungua. Mechi ya mpira kwenye fremu 60 inachezeka vizuri kabisa. Programu ya Nvidia ina kikomo hicho ndani yake, na gemu nyingi zina cha kwao. Kisha chagua hali ya kawaida ya nguvu badala ya ile ya juu kabisa; tofauti ya kasi mara nyingi ni ndogo kuliko tofauti ya joto na kelele. Na nyanyua sehemu ya nyuma ya mashine kwa sentimita mbili au tatu, hata kwa vipande viwili vya mbao, kwa kuwa hewa inaingilia tumboni.

Vumbi, na mkono wa kulitoa

Vumbi haliingii likatawanyika. Linajikusanya mahali pamoja: kati ya feni na mapezi, pale hewa inapobanwa kabla ya kutoka. Kwanza ni nyuzi za nguo na nywele, halafu vumbi laini linanasa humo mpaka panakuwa na mkeka mzima, mzito kama kitambaa. Kutoka nje huoni kitu, na ukipuliza kwa mdomo kwenye tundu la hewa unausukuma mkeka ndani tu. Lazima mfuniko wa chini ufunguliwe, feni itolewe, mkeka uvutwe kwa kibano au brashi. Kwa mtu wa Dodoma msimu wa kiangazi, au anayekaa karibu na barabara ya vumbi, ningesema mara mbili kwa mwaka. Ghorofani penye madirisha ya kufunga, mara moja inatosha.

Usikubali mashine ipulizwe kwa kompresa ya gereji. Hewa ile ina maji na mafuta, na nguvu yake huizungusha feni kwa kasi ambayo haikuumbiwa, beringi zikaumia. Anayepuliza hata kwa kopo la hewa ashike feni kwa kidole isizunguke.

Pesti nayo ina umri. Kila chipu inapopanda joto na kupoa, pesti husukumwa kidogokidogo kuelekea pembeni, hasa kwenye laptopu ambazo chipu zake hazina kofia ya chuma kama za mezani. Baada ya miaka miwili au mitatu utaona dalili yake: gemu ileile, chumba kilekile, joto limeongezeka nyuzi kumi na feni zinalia kuliko zamani. Kubadilisha pesti ni kazi ya saa moja kwa fundi anayeijua, na hakuna matengenezo ya bei hiyo yanayorudisha uhai mwingi kama hayo. Onyo moja: baadhi ya mashine, za Asus hasa tangu mwaka 2020, hazina pesti ya kawaida bali chuma kimiminika chenye galiamu. Galiamu huila alumini na hupitisha umeme. Ikimwagika kwenye ubao, mashine imekwisha. Muulize fundi kama amewahi kuishika kabla hajafungua skrubu.

Chumvi ya bahari

Vitabu vingi vya kompyuta vimeandikwa na watu wanaoishi mbali na bahari ya joto, kwa hiyo suala hili halimo. Kwa msomaji wa Dar, Tanga, Mombasa, Unguja au Pemba, ni suala la kwanza baada ya joto.

Upepo wa bahari hubeba chembe za chumvi, na feni huzivuta ndani pamoja na vumbi. Chumvi kavu haina madhara makubwa. Tatizo ni kwamba chumvi ya kawaida hunyonya maji ya hewani na kuyeyuka unyevu ukipita asilimia 75 hivi, na pwani yetu unyevu hupita hapo usiku mwingi wa mwaka. Tabaka jembamba la chumvi juu ya ubao likilowa, linageuka njia ya umeme mahali pasipotakiwa, na shaba inaanza kuota ukijani. Ndiyo maana utakuta laptopu ya pwani imeharibika kwenye tundu la USB, kwenye soketi ya kibodi, kwenye pini za betri, huku chipu zake ziko salama kabisa.

Linaloshangaza wengi ni kwamba mashine inayotumika kila siku huvumilia vizuri zaidi kuliko iliyofungiwa kabatini. Joto lake lenyewe linaikausha. Mwanafunzi anayeacha laptopu nyumbani Zanzibar kwa miezi mitatu, imefungwa ndani ya begi, anaweza kurudi akakuta kibodi nusu haifanyi kazi. Kama lazima uihifadhi, iweke kwenye kontena la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika, betri ikiwa na chaji karibu nusu, na uombe mtu aiwashe kila baada ya wiki kadhaa.

Usiitoe mashine kwenye chumba chenye kiyoyozi kikali ukaiwasha hapohapo nje kwenye joto. Ubaridi wake hukusanya umande, nje na ndani. Iache begini dakika ishirini au thelathini kwanza. Na dirisha linaloelekea baharini ni pazuri kwa macho; meza ya laptopu ihamie ukuta wa pili.

Betri na umeme

Betri ya laptopu ya gemu ina maisha ya ajabu: haitumiki sana, lakini inateseka sana. Mwenye mashine hucheza chaja ikiwa imechomekwa, maana bila chaja nguvu inashuka na chaji inaisha ndani ya saa moja hivi. Betri inakaa imejaa asilimia 100, jirani na chipu zenye moto, siku nzima. Kwa litiamu hakuna mateso makubwa kuliko hayo mawili kwa pamoja, kujaa na kupata joto. Kwa kawaida betri hizi huhesabiwa kuvumilia mizunguko 300 hadi 500 ya kujazwa na kutumika kabla hazijashuka kufikia kama asilimia 80 ya uwezo wake, lakini ya mchezaji hushuka hapo bila kumaliza hata mizunguko mia, kwa sababu ya kuishi imejaa.

Tiba ipo ndani ya mashine nyingi na haijawashwa. Asus, Lenovo na MSI wana sehemu kwenye programu zao ya kusimamisha chaji kwenye asilimia 80 au 60. Iwashe siku ya kwanza. Ukijua unasafiri, iondoe usiku wa kabla ya safari, ijae, uondoke. Ukiona sehemu ya kugusia kipanya imeinuka, au mfuniko wa chini umevimba, zima mashine na usiichaji tena. Betri imefura gesi. Itolewe na fundi, isitobolewe, isitupwe kwenye moto wa taka. Laptopu nyingi zinaweza kuendelea kutumika kwa umeme wa ukutani bila betri mpaka utakapopata nyingine, ingawa baadhi hupunguza kasi zikikosa betri, kwa kuwa huikopa umeme pale gemu inapodai kuliko chaja inavyotoa.

Sababu hiyohiyo ndiyo inafanya chaja ya bei rahisi iwe hatari. Mashine ya wati 230 ikipewa chaja ya 120 itawaka na itacheza, lakini inaichota betri kila dakika, na chaja inachemka kupita uwezo. Linganisha volti, wati na ukubwa wa kichwa, na ukiweza nunua ya kampuni. Tofali la chaja nalo lipumue: sakafuni, si chini ya mto wala juu ya zulia.

Kuhusu umeme wenyewe, volti ndogo si adui. Chaja hizi hupokea kuanzia 100 hadi 240, hivyo umeme wetu wa 230 Tanzania au 240 Kenya ukididimia jioni, chaja inavumilia. Kinachoua ni pale umeme unaporudi baada ya kukatika, na radi. Ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika chache utulie, kisha chomeka kupitia kilinda umeme cha kweli au stabilaiza. Mvua za masika zikinguruma, chomoa hata kama uko katikati ya mechi.

Mengine nayapitia haraka. Bawaba huachia kwa sababu skrubu zake zimekaa kwenye plastiki. Fungua kioo kwa kushika katikati, na ukisikia mlio wa kukatika peleka siku hiyohiyo, kabla haijapasua kasha na kukata waya wa kioo. Diski ya SSD hofu yake imekuzwa: Samsung 970 EVO ya terabaiti 1 ilipewa dhamana ya kuandikwa terabaiti 600, ambazo zingekuruhusu kuweka gemu ya gigabaiti 100 kila siku kwa zaidi ya miaka 16. RAM, kama ina nafasi ya kuongeza, iongeze; kutoka 8 kwenda 16 kumeiokoa mashine nyingi iliyodhaniwa imechoka.

Pale mashine inapokuwa nzima na bado imefika mwisho

Chukua laptopu iliyokuwa ya kawaida sana mwaka 2017: prosesa ya Core i7-7700HQ na chipu ya picha ya GTX 1060 yenye gigabaiti 6. Nvidia ilitoa chipu hizo kwa laptopu Agosti 2016, na zilikaribiana kweli na za kompyuta za mezani. Iliyotunzwa bado inawaka leo. Inacheza GTA V bila shida, inahariri video ya kawaida, inafungua ramani ya nyumba ya vyumba vinne.

Lakini Oktoba 2025 iligongwa mara mbili. Tarehe 14 mwezi huo Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 haiitambui rasmi i7-7700HQ, kwa kuwa prosesa nyingi za Intel zinazokubaliwa zinaanzia kizazi cha 8. Mwezi huohuo ndio Nvidia iliutaja kuwa wa mwisho wa kutoa draiva za gemu mpya kwa familia nzima ya GTX 10, ikibakiza masahihisho ya usalama mpaka Oktoba 2028. Gemu nazo zilikwisha kuhama. Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 na Doom: The Dark Ages ya Mei 2025 zinadai chipu yenye uwezo wa kufuatilia miale ya mwanga kwa vifaa vyake yenyewe, na GTX 1060 haina.

Kifo cha namna hii hakizuiwi kwa brashi wala pesti. Kinapunguzwa makali siku ya kununua. Kumbukumbu ya chipu ya picha haiongezeki kamwe baada ya kutoka dukani, na makampuni huibana: RTX 3060 ya kompyuta ya mezani ilitoka na gigabaiti 12, ya laptopu ikapewa 6. Ukiwa na fedha ya kuchagua kati ya prosesa kubwa zaidi na kumbukumbu kubwa zaidi ya picha, chukua kumbukumbu. Na kati ya mashine nyembamba na nene zenye chipu ileile, mimi huchukua nene bila kusita, kwa sababu ina nafasi ya shaba na hewa.

Mashine hiyo ya 2017 isitupwe. Iwekewe Linux, au iachiwe kazi zisizohitaji intaneti: kuhariri muziki, kuchora, kuonyesha filamu, kumfundisha kijana wa nyumbani kuandika programu. Ina nguvu kuliko laptopu nyingi mpya za bei ya chini zinazouzwa leo.

Ukiwa mnunuzi wa mtumba

Wengi wetu tunakutana na mashine hizi zikiwa tayari zina miaka mitatu au zaidi, zimetoka Dubai, Uingereza au Marekani. Baadhi ya zile za mwaka 2021 zilitumika kuchimba Ethereum usiku na mchana, biashara iliyokoma tarehe 15 Septemba 2022. Historia hiyo muuzaji mara nyingi haijui, na rangi ya kasha haiisemi. Kwa hiyo pima mwenyewe.

Fungua dirisha la amri la Windows uandike powercfg /batteryreport. Itakupa faili lenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa chini ya nusu, toa bei ya betri mpya kwenye bei ya mashine. Weka programu ya HWiNFO, ambayo ni ya bure, uache ikionyesha joto. Kisha washa gemu nzito kwa nusu saa. Joto likipanda hadi mahali likatulia, hata kama ni 85, mfumo wa kupooza unafanya kazi. Likigonga kikomo ndani ya dakika mbili na kasi ikaanguka, kuna pesti iliyokauka au vumbi, na hilo linarekebishika. Tumia kama hoja ya kupunguziwa. Ukiona mistari, vitone vya rangi au kioo kinazima na kurudi, acha, kwa kuwa hiyo inaweza kuwa lehemu. Sikiliza feni zote mbili, sio moja. Chomoa chaja gemu ikiendelea uone kama inabaki imewaka. Tikisa kidogo waya pale chaja inapoingilia. Fungua na kufunga kioo mara kadhaa ukisikiliza bawaba, na mulika matundu ya USB kwa tochi ya simu utafute ukijani.

Nusu saa ya umeme na uvumilivu ndiyo yote unayomwomba muuzaji. Akikataa kwa madai kwamba mashine ni mpya na haihitaji kupimwa, nenda duka linalofuata.